Nyaraka za Jumba la Sanaa ya Ufinyanzi kama Ushahidi wa Jina la Mfinyanzi: Ufafanuzi kwa Kurejelea Vyombo vya Abuja

Ikisiri

Makala haya yanafafanua nyaraka zinazozalishwa na jumba la sanaa linaloonyesha na kuuza kazi za ufinyanzi wa kisasa: ni nyaraka zipi, zinatokana na shughuli gani, na zinathibitisha nini. Hoja kuu ni kwamba chombo cha udongo hubeba habari chache kuhusu aliyekifinyanga, hivyo jina la mfinyanzi hutegemea mfululizo wa maandishi ya kibiashara ambayo mara nyingi huhesabiwa kuwa makaratasi ya kutupwa. Hoja hiyo inaelezwa kwa kurejelea vyombo vya Kituo cha Mafunzo ya Ufinyanzi cha Abuja, Nijeria, vilivyoonyeshwa London kati ya mwaka 1958 na 1962. Makala yanabainisha pia kwamba nyaraka hizo huandikwa kwa jicho la muuzaji, na kwamba thamani yake hupungua pale zinapotenganishwa. Mwishoni yanaonyesha maana ya suala hili kwa Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Katika tafiti za sanaa, jumba la sanaa limezoeleka kutazamwa kama mahali pa maonyesho. Mtafiti huuliza ni kazi gani zilionyeshwa, zilipokewaje na wahakiki, na zilichangia nini katika mkondo wa sanaa wa wakati wake. Upande wa pili wa jumba hilo, yaani ofisi ya nyuma yenye madaftari, ankara, barua na makasha ya picha, hautajwi sana. Hata hivyo, maonyesho yakishafungwa na vyombo vikishatawanyika kwa wanunuzi, ofisi hiyo ndiyo inayobaki na kumbukumbu ya kilichotokea.

Katika makala haya, dhana ya nyaraka inahusu maandishi, picha na rekodi za kielektroniki zilizotokana na shughuli za kila siku za jumba. Nyaraka hazikuandikwa kwa ajili ya mtafiti. Ziliandikwa ili mfinyanzi alipwe, mnunuzi apate stakabadhi, na mizigo ipite forodhani. Sifa hiyo ndiyo inayozipa nguvu ya ushahidi, kwa kuwa aliyeziandika hakuwa na sababu kubwa ya kupamba historia. Alikuwa anahesabu mali. Jambo hili linazitofautisha na katalogi ya maonyesho, ambayo huandikwa kwa nia ya kusifu na kuvutia.

2.0 Mipaka ya ushahidi wa chombo chenyewe

Ili kuelewa kwa nini nyaraka ni muhimu katika ufinyanzi kuliko katika baadhi ya fani nyingine, ni vyema kuanza na chombo chenyewe. Chombo cha udongo uliochomwa hudumu muda mrefu sana, lakini hakielezi mengi kuhusu asili yake. Mfinyanzi hutengeneza vyombo vingi vinavyofanana na kuvichoma kwa pamoja katika tanuri moja. Vingi havipewi jina. Saini, ikiwapo, ni alama ndogo iliyochorwa kitakoni au muhuri uliogandamizwa kwenye udongo mbichi.

Muhuri nao si kinga ya kutosha. Bernard Leach, mfinyanzi wa Uingereza aliyeanzisha karakana yake St Ives mwaka 1920, alifariki mwaka 1979. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilibainika kwamba vyombo vilivyokuwa vikiuzwa kama vyake vilifinyangwa na wafungwa katika darasa la ufinyanzi la gereza moja nchini humo, vikiwa na mihuri ya kuiga. Kisa hicho kinaonyesha kwamba umbo, rangi na muhuri vinaweza kuigwa na mtu mwenye udongo, tanuri na muda. Kilicho kigumu zaidi kuigwa ni mlolongo wa maandishi yanayokubaliana, yaliyo mikononi mwa watu tofauti: barua ya mfinyanzi inayotaja chombo, daftari la jumba linalokipa nambari, orodha ya maonyesho yenye nambari hiyohiyo, na stakabadhi iliyobaki kwa mnunuzi.

Vipimo vya maabara havizibi pengo hilo. Upimaji wa nuru inayotolewa na udongo unapopashwa joto unaweza kutenganisha chombo cha kale na cha juzi, lakini hauwezi kueleza kama chombo kilichomwa mwaka 1958 au 1962, wala kutaja mkono wa nani ulikikunja mdomo.

3.0 Aina za nyaraka na kile zinachothibitisha

3.1 Daftari la mali

Daftari la mali ni uti wa mgongo wa nyaraka zote za jumba. Kila chombo kinachoingia hupewa nambari, na nambari hiyo huandikwa kwenye kibandiko kidogo chini ya chombo. Mbele ya nambari huandikwa jina la mfinyanzi, maelezo mafupi, vipimo, bei na tarehe ya kuingia. Baadaye huongezwa tarehe ya kuuzwa na jina la mnunuzi. Kibandiko kinapobaki chini ya chombo na daftari likawepo, uhusiano kati ya kitu na maandishi unaweza kurejeshwa hata baada ya miaka 50. Kimoja kati ya hivyo viwili kikipotea, cha pili hupoteza sehemu kubwa ya maana yake. Kwa sababu hiyo, mhifadhi anayekwangua vibandiko ili kusafisha chombo huwa anaondoa ushahidi.

3.2 Hati za mali kauli

Majumba mengi ya ufinyanzi hayanunui vyombo moja kwa moja. Huvipokea kwa utaratibu unaofanana na ule ambao wafanyabiashara wa pwani huuita mali kauli: mali hukabidhiwa kwa makubaliano, muuzaji huiuza, kisha hukata kamisheni yake na kumlipa mwenye mali. Hadi chombo kiuzwe, kinabaki kuwa mali ya mfinyanzi. Hati ya makabidhiano ndiyo inayoonyesha mpaka huo wa umiliki, na ndiyo itakayorejelewa iwapo jumba litafilisika na wadai wakataka kugawana vilivyomo.

Hati hizi hutunza pia habari ambayo katalogi huificha, nayo ni habari ya kutokuuzika. Tuchukulie mfinyanzi amepeleka vyombo 30. Vikauzwa 11, viwili vikavunjika njiani, na 17 vikarudishwa. Katalogi itaonyesha maonyesho yenye vyombo 30. Hati za mali kauli zitaonyesha kwamba zaidi ya nusu havikupata mnunuzi, ni vya umbo gani, na vilikuwa na bei gani. Mtafiti anayetaka kujua kwa nini mfinyanzi aliacha umbo fulani na kushika jingine atapata hapa maelezo ya kiuchumi yanayoweza kuthibitisha au kukanusha maelezo ya kiujumi aliyokwisha kuyajenga.

3.3 Majalada ya maonyesho na barua

Jalada la onyesho moja huwa na kadi ya mwaliko, orodha ya bei, mchoro wa mpangilio wa meza na rafu, vipande vya magazeti, na orodha ya walioalikwa. Orodha ya bei yenye alama za kalamu ni ya thamani pekee, kwa sababu huonyesha kilichouzwa usiku wa ufunguzi na kilichosubiri. Barua, kwa upande wake, hueleza yale yasiyoingia katika safu za daftari: tanuri lililopasuka, udongo uliobadilika, bei iliyobishaniwa, chombo ambacho mfinyanzi alikataa kisiuzwe.

3.4 Picha na vipimo

Umuhimu wa picha unaonekana wazi katika kazi za Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kwenda Uingereza mwaka 1971. Odundo hujenga vyombo vyake kwa mkono, huvisugua hadi ving'ae, kisha huvichoma. Vikichomwa penye hewa ya kutosha hutoka na rangi ya chungwa iliyoiva. Vikichomwa tena kwa kunyimwa hewa huwa vyeusi. Vingi havina jina, au huitwa kwa maelezo ya umbo na rangi tu. Majina ya namna hiyo hufanana mno, na mtafiti anayefuatilia chombo kimoja kutoka kwa muuzaji hadi mnadani na hatimaye makumbusho hawezi kutegemea jina. Anahitaji picha iliyopigwa siku chombo kilipoingia, kimo chake kwa sentimita, na nambari yake. Hapo slaidi ambayo jumba lilipiga kwa ajili ya kumtumia mnunuzi hugeuka kuwa hati ya utambulisho.

4.0 Vyombo vya Abuja na jina la Ladi Kwali

Mfano wa Abuja unaonyesha jinsi njia ya soko inavyoweza kulihifadhi jina la mfinyanzi, na kwa kiasi gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Michael Cardew, mfinyanzi Mwingereza aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Leach, aliajiriwa na serikali ya kikoloni ya Nijeria na kuanzisha kituo cha mafunzo katika mji wa Abuja, ambao leo unaitwa Suleja. Mwaka 1954 alijiunga hapo Ladi Kwali, mwanamke Mgwari kutoka kijiji cha Kwali, aliyekuwa tayari fundi anayejulikana katika eneo lake. Mitungi yake ilikuwa katika jumba la Emir wa Abuja, na hapo ndipo Cardew alipoiona.

Ladi Kwali aliendelea kujenga mitungi kwa njia aliyorithi, akipandisha kuta kwa mikunjo ya udongo huku akikizunguka chombo, na kuchora juu yake mijusi, nge, mamba na samaki. Kilichobadilika kituoni ni uchomaji. Mtungi wa kijijini huchomwa kwa moto wa wazi na hubaki na vinyweleo vinavyopitisha unyevu, ndiyo maana hupoza maji. Mtungi wa kituoni ulipakwa rangi ya kung'aa na kuchomwa katika tanuri la kuni kwa joto kali hadi vinyweleo vikazibika. Haukufaa tena kupozea maji. Uliweza kusafirishwa, kuwekwa rafuni na kutazamwa. Kwa maneno mengine, chombo kilibadilishiwa matumizi kabla ya kufika sokoni, na mabadiliko hayo ndiyo yaliyokifanya kihitaji maandishi. Mtungi wa kijijini ulijulikana ni wa nani kwa sababu mnunuzi alimjua mfinyanzi au jirani yake. Mtungi uliofika London haukuwa na jirani wa kuutambulisha.

Vyombo vya kituo hicho vilionyeshwa katika jumba la Berkeley Galleries, lililoanzishwa London na William Ohly, katika miaka ya 1958, 1959 na 1962. Mwaka huo wa 1962 Ladi Kwali mwenyewe alizuru Uingereza kuonyesha ufundi wake mbele ya hadhira, na mwaka 1972 alizuru Marekani pamoja na Cardew na mfinyanzi Kofi Athey. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunuku shahada ya heshima. Alifariki mwaka 1984, na leo picha yake imo upande wa nyuma wa noti ya naira 20.

Umaarufu huo usimfanye mtafiti asahau kwamba Ladi Kwali hakuwa mwanamke pekee kituoni. Walikuwepo pia Halima Audu, Asibi Ido na Kande Ushafa, na mafundi wanaume waliofinyanga kwa gurudumu na kusimamia tanuri. Swali la kiakavia linalojitokeza ni hili: mtungi wa Abuja ukijitokeza leo katika mnada au katika urithi wa familia, ni nini kitakachozuia usiitwe wa Ladi Kwali kwa sababu tu jina lake huongeza bei? Mtindo wa mapambo hautoshi, kwa kuwa wafinyanzi hao walitoka katika utamaduni mmoja wa ufinyanzi na walifanya kazi bega kwa bega. Alama za kitakoni husaidia, lakini kisa cha vyombo vya Leach kimeonyesha udhaifu wake. Orodha ya bei ya onyesho, yenye nambari na jina mbele ya kila mtungi, ingeweza kumaliza ubishi. Na iwapo orodha ya aina hiyo imeandika neno “Abuja” peke yake, hasara huwapata kwanza wale wanawake wengine, ambao kazi yao humezwa na jina la mwenzao aliyejulikana.

5.0 Umuhimu wa mpangilio wa awali

Taaluma ya utunzaji wa nyaraka ina kanuni mbili zinazohusika moja kwa moja na suala hili. Ya kwanza hutaka nyaraka zenye asili moja zisichanganywe na za asili nyingine. Kanuni hii iliwekwa rasmi nchini Ufaransa mwaka 1841. Ya pili hutaka mpangilio uliowekwa na mwenye nyaraka udumishwe. Ilielezwa kwa kina na Waholanzi Muller, Feith na Fruin katika mwongozo wao wa mwaka 1898. Viwango vya kimataifa vya kuelezea nyaraka vinavyotumika leo vimejengwa juu ya misingi hiyo.

Katika nyaraka za jumba la sanaa, kishawishi cha kuvunja kanuni hizi ni kikubwa, kwa sababu baadhi ya karatasi zina bei. Barua ya mfinyanzi maarufu inaweza kuuzwa peke yake. Ankara ya ushuru wa forodha haina mnunuzi. Matokeo yake ni kwamba barua huchambuliwa na kuuzwa, na makasha ya ankara huchomwa. Barua iliyotengwa inasema, kwa mfano, kwamba mfinyanzi ametuma “ule mtungi mkubwa.” Ni ankara ya usafirishaji ya wiki hiyohiyo inayoeleza kimo na uzito wa mtungi huo, na ni daftari la mali linaloupa nambari. Ikiwa karatasi hizo tatu zimetawanywa katika miji mitatu, hakuna hata moja inayoweza kuthibitisha jambo lililokuwa dhahiri zilipokuwa katika jalada moja.

Nyaraka za mnunuzi nazo zaweza kukamilisha nyaraka za jumba. William Alfred Ismay, mkutubi wa Wakefield, Uingereza, alianza kukusanya vyombo mwaka 1955 na kufikisha takriban 3,600 vya wafinyanzi zaidi ya 500. Alipofariki mwaka 2001 aliviachia Makumbusho ya Yorkshire pamoja na kumbukumbu zake za maandishi. Kwa kuwa alizitunza karatasi zake kwa nidhamu ya kazi yake, mkusanyo wake unamwezesha mtafiti kufuatilia mauzo kutoka upande wa pili wa kaunta, hata pale ambapo jumba lililouza halipo tena.

6.0 Ukimya ndani ya nyaraka

Kusisitiza thamani ya nyaraka hizi si kudai kwamba zinasema kila kitu. Daftari la mali humtaja anayelipwa na anayelipa. Aliyechimba udongo, aliyeukanda, aliyepasua kuni na aliyekesha akichochea tanuri hawatajwi, kwa kuwa hawakuwa na akaunti katika jumba. Katika kituo kama cha Abuja, ambako chombo kimoja kilipitia mikono ya watu kadhaa, safu moja yenye kichwa “mfinyanzi” hulazimisha jibu moja kwa swali lenye majibu mengi. Mtafiti anapaswa kuisoma safu hiyo kama uamuzi wa muuzaji kuhusu nani ahesabiwe, na kuulinganisha uamuzi huo na kumbukumbu za kituo na masimulizi ya waliofanya kazi hapo.

Upo pia ukimya unaowekwa kwa makusudi. Majina ya wanunuzi, anwani zao na bei walizolipa ni habari binafsi, na taasisi inayopokea nyaraka hulazimika kufunga baadhi ya majalada kwa kipindi maalumu. Utaratibu huu ni wa haki, mradi mwongozo wa mkusanyo useme wazi kwamba majalada hayo yapo na yatafunguliwa lini. Jalada lililofungwa ni tofauti na jalada lisilokuwepo, na mtafiti ana haki ya kujua lipi analokabiliana nalo.

7.0 Umri mfupi wa majumba na maana yake kwa Afrika Mashariki

Jumba la sanaa huishi muda mfupi likilinganishwa na chombo kinachouzwa ndani yake. Garth Clark, mzaliwa wa Afrika Kusini, alifungua jumba la ufinyanzi Los Angeles mwaka 1981 pamoja na Mark Del Vecchio, kisha New York mwaka 1983. Likafungwa mwaka 2008. Galerie Besson ya London ilifunguliwa mwaka 1988 na kufungwa mwaka 2011. Haya yalikuwa miongoni mwa majumba yaliyoheshimika zaidi katika fani hii, na yote mawili yalidumu kwa muda usiofikia miaka 30. Jumba hufungwa mwenyewe anapostaafu, kodi inapopanda, au anapofariki. Uamuzi kuhusu makasha ya ofisini hufanywa katika wiki chache za kuhama, na mara nyingi hufanywa na mtu asiyejua yaliyomo.

Katika Afrika Mashariki hatari hiyo imeshaonekana katika sanaa kwa jumla. Jumba la Paa ya Paa la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1965 na Elimo Njau na wenzake, liliungua mwaka 1997, na sehemu kubwa ya kumbukumbu za mwanzo wa sanaa ya kisasa ya eneo hili ikateketea. Katika ufinyanzi hali ni ngumu zaidi, kwani mara nyingi maandishi hayajawahi kuwepo. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kandokando ya Ziwa Nyasa, hupeleka vyungu vyao kwa mitumbwi hadi soko la Matema, na kutoka hapo vyungu husambaa mijini. Chungu cha aina hiyo kikiingia katika kabati la makumbusho, kwa kawaida huandikiwa jina la kabila na mahali. Mfinyanzi aliyekuwa akijulikana kwa jina na wanunuzi wake wote sokoni hugeuka kuwa mtu asiye na jina mara tu kazi yake inapothaminiwa kama sanaa.

Kuzuia hasara hiyo hakuhitaji mtambo wala bajeti kubwa. Duka la kazi za mikono, ushirika wa wafinyanzi au jumba la sanaa linaweza kuandika mambo matano kwa kila chombo: nambari, jina la mfinyanzi, mahali na tarehe ya kuchomwa, vipimo pamoja na picha moja, na jina la aliyekabidhiwa. Kinachohitajika zaidi ni makubaliano ya mapema na hifadhi ya nyaraka ya taifa au maktaba ya chuo kikuu, ili ijulikane daftari hilo litapelekwa wapi siku mlango utakapofungwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua nyaraka za jumba la sanaa ya ufinyanzi kwa kuzingatia shughuli zilizozizalisha, na yameonyesha kwamba daftari la mali, hati za mali kauli, majalada ya maonyesho, barua na picha hufanya kazi ya ushahidi zinapokuwa pamoja. Mfano wa Abuja umebainisha kwamba utambulisho wa mfinyanzi wa Kiafrika katika soko la kimataifa ulitegemea maandishi ya aina hiyo, na kwamba palipokosekana jina, walioathirika zaidi ni wale ambao hawakuwa na umaarufu wa kuwatetea. Kwa watafiti wa ufinyanzi wa Afrika Mashariki, hatua ya kwanza ni kuorodhesha madaftari, stakabadhi na picha zilizomo katika maduka, vyama vya ushirika na majumba ya sanaa yanayoendelea na kazi, wakati walioziandika wangali hai na wanaweza kueleza kila nambari ilimaanisha chombo gani na mfinyanzi yupi.